Kahawia Mbili Kwenye Slaidi Moja: Kisa cha Melanoma ya Kaakaa na Protini za Kukarabati DNA

Usuli

Kisa hiki ni cha mgonjwa wa hospitali moja ya rufaa Afrika Mashariki. Umri kamili, mji, tarehe na majina vimeondolewa. Mpangilio wa matukio umeachwa ulivyokuwa. Kinahusu melanoma ya kinywa (saratani ya seli zinazotengeneza melanini, rangi nyeusi ya mwili) na vipimo vya protini za kukarabati DNA ambavyo mara ya kwanza vilitoa jibu la uongo. Sababu zake zilikuwa mbili, na maabara yoyote inayopokea uvimbe mweusi ulioshikana na mfupa itakutana nazo zote mbili siku moja.

Mama wa miaka hamsini na kitu alikuja kliniki ya meno kwa sababu meno yake bandia ya juu yalikuwa hayakai. Kwenye kaakaa gumu, upande wa kulia, kulikuwa na baka jeusi la ukubwa wa sarafu, limetambaa hadi ufizi wa nyuma ya chonge. Halikuwa likimuuma. Akaambiwa, "Mama, hiyo ni rangi ya asili tu, wengi wetu tunayo," akatengenezewa meno mapya. Miezi minane baadaye alirudi. Baka lilikuwa limepanuka, kinundu kimeota katikati, na kila akivua meno yale yanatoka na damu.

Maneno ya aliyemwona mwanzo hayakuwa ya ovyo. Fizi nyeusi ni jambo la kawaida kwa watu wetu. Ila weusi wa asili huwa na tabia zake: uko pande zote mbili kwa mfanano, hufuata ufizi ulioshikana na mfupa, hauinui wala kukwaruza uso wa ufizi, na haukui ukubwani. Baka la upande mmoja kwenye kaakaa gumu limeshavunja masharti mawili ya mwanzo kabla hujaligusa. Kaakaa hilohilo ndilo linalopokea mambo mengine yanayofanana: weusi wa kijivu-buluu wa waliotumia klorokwini muda mrefu, alama ya amalgamu, madini ya kuzibia jino, iliyozama kwenye nyama (ambayo wakati mwingine huonekana kama chembe nyeupe kwenye eksrei), na Kaposi, ambayo kwa wenye VVU hupenda kaakaa gumu na ikizeeka huwa na rangi ya zambarau iliyokolea karibu na nyeusi. Melanoma ya kinywa nayo makao yake makuu ni hapo hapo, kaakaa gumu na ufizi wa juu. Ndiyo maana baka la kaakaa ambalo halina maelezo ya wazi hukatwa kipande, halisubiriwi.

Utambuzi

Vipande viwili vya kama milimita 5 vilichukuliwa chini ya ganzi: kimoja kwenye kinundu cheusi, kingine kwenye ukingo uliopauka. Wazo la kuchukua sehemu mbili lilikuwa zuri kuliko aliyelitoa alivyojua siku ile, kama itakavyoonekana mbele. Vyote viliingia mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, chombo kikubwa, vikakaa humo saa 20 hivi. Havikuwa na mfupa.

Chini ya hadubini: seli kubwa zenye viini vikubwa, nyingine za duara nyingine za umbo la kijiti, melanini nyingi juu na kidogo sana chini, na seli za uvimbe zikitambaa ndani ya ngozi laini ya juu ya kaakaa. SOX10, S100 na HMB-45, alama za seli za melanini, zilikuwa chanya, Melan-A chanya kwa sehemu. Sitokeratini, alama ya saratani za utando, hasi. Kipimo cha virusi vya HHV-8 hasi, hivyo Kaposi ikaondoka mezani.

Mgonjwa alikaguliwa ngozi yote, kucha, macho na pua. Nyayo ziliangaliwa kwa makini zaidi, maana kwa Waafrika weusi melanoma ya ngozi hukaa zaidi huko, na melanoma ya kinywa inaweza kuwa mgeni aliyetoka mguuni. Hakukuwa na kitu. Picha ya CT ilionyesha mfupa wa kaakaa umeliwa. Shingo na mapafu vilikuwa safi. Kwa mgawanyo wa hatua za saratani wa AJCC toleo la 8 hiyo ni T4a, yaani uvimbe umeshaingia mfupani. Wasiozoea hushtuka kuona melanoma ya utando wa kinywa haina T1 wala T2: hesabu inaanzia T3, kwa sababu hata iliyo ndogo ina tabia mbaya.

Upasuaji, na safari ya nyama iliyotolewa

Sehemu ya taya la juu upande wa kulia iliondolewa, lengo likiwa ukingo salama wa sentimita moja na nusu. Tundu lilifunikwa kwa kizibo cha kaakaa kilichoandaliwa kabla, ili aweze kumeza na kuzungumza. Shingo haikuguswa kwa kuwa hapakuwa na mitoki. Upasuaji wenyewe haukuwa na doa.

Doa lilianza nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Ilikuwa Ijumaa mchana. Taya na uvimbe wake vilitiwa kwenye kopo ambalo fomalini ilifunika kwa kidole kimoja tu, wakati kanuni ni ujazo mara 10 hadi 20 wa nyama. Hakuna aliyepasua uvimbe ili dawa ipenye. Fomalini hupenya taratibu, kwa makadirio ya haraka milimita moja kwa saa mwanzoni kisha inazidi kupunguza mwendo, na katika kipande kinene katikati huanza kuoza kabla haijafika. Kopo lilifunguliwa Jumatatu.

Kisha ukaja mfupa. Mfupa hauwezi kukatwa vipande vya mikroni 3 mpaka chokaa yake itolewe. Maabara ilitumia asidi ya nitriki ya asilimia 5, na bloku zote za uvimbe (vipande vya nyama vinavyoandaliwa kwa hadubini), zenye mfupa na zisizo na mfupa, ziliingia chombo kimoja, zikakaa takriban siku mbili. Ripoti ya upasuaji ilitoka bila shida: melanoma, imeingia mfupani, ukingo wa mfupa salama, lakini ukingo wa mbele wa utando una seli za melanoma zilizotambaa juu juu. Ilikuwa ripoti sahihi. Kwa kusoma umbo la uvimbe, asidi haikuwa imeharibu cha kutosha kumzuia mtu.

Kwa nini protini za kukarabati DNA ziliulizwa

Jopo la saratani lilikubaliana juu ya mionzi, Gy 60 (grei, kipimo cha mionzi) kwa mikupuo 30, kwa sababu ya ukingo ule. Mionzi hupunguza uvimbe kurudi mahali pale pale. Kwamba inarefusha maisha haijathibitika, na mgonjwa aliambiwa hivyo.

Swali lililobaki lilikuwa dawa. Daktari wa saratani alijaza fomu akiomba MLH1, MSH2, MSH6, PMS2, pamoja na ERCC1 na XPF. Alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza: Mei 2017 Marekani iliidhinisha pembrolizumabu, dawa ya tiba ya kinga, kwa uvimbe wowote mgumu uliopoteza mfumo wa kusahihisha makosa ya kunakili DNA, bila kujali ulianzia wapi, na alitumaini jibu kama hilo lingelainisha bima. Ya pili: ERCC1 na XPF ni mkasi mmoja wa sehemu mbili, unaokata uzi wa DNA upande mmoja wa jeraha kubwa ili kiraka kiwekwe. Sisplatini, dawa ya saratani, huua seli kwa kuacha majeraha ya aina hiyo. Uvimbe wenye mkasi mkali, hoja inasema, utaitengua kazi ya sisplatini.

Zile nne za kwanza hufanya kazi wawili wawili. MSH2 na MSH6 hushikana na kutambua herufi iliyopachikwa kimakosa DNA inaponakiliwa. MLH1 na PMS2 huja nyuma yao kuanzisha ukataji. MSH6 isiyo na MSH2 huvunjwa na seli, na PMS2 isiyo na MLH1 vilevile. Kinyume chake hakitokei: MSH2 ina mwenzi mwingine, MSH3, na MLH1 nayo ina wengine wa kushikana nao. Kwa hiyo kuna mifumo minne tu inayotarajiwa: MLH1 na PMS2 kupotea pamoja, MSH2 na MSH6 kupotea pamoja, PMS2 peke yake, au MSH6 peke yake. Nje ya hapo, kabla ya kufikiria biolojia mpya, fikiria jiko la maabara.

Jibu la kwanza

Maabara ilichagua bloku ya upasuaji, kwa sababu ilikuwa na uvimbe mwingi kuliko biopsi, yaani vile vipande viwili vya mwanzo. Ndivyo tunavyofundishwa, na mara nyingi ni sawa. Vipande vilipakwa kingamwili, kila moja ikishika protini yake tu, rangi ya kuonyesha ikiwa DAB, ambayo ni kahawia. Ripoti ilisomeka hivi:

MLH1: chanya, kali. MSH2: chanya, kali. MSH6: imepotea. PMS2: imepotea. XPF: chanya, kali. ERCC1: chanya, kali.

Hitimisho lilikuwa kwamba uvimbe umepoteza mfumo wa kusahihisha makosa. Kliniki ilichukua hatua ambayo ripoti kama hiyo inastahili: ilianza kuchora mti wa ukoo kutafuta ugonjwa wa Lynch (hitilafu ya kurithi ya mfumo huu inayoleta saratani, hasa ya utumbo mpana), na mtoto mkubwa wa mgonjwa aliitwa na kuelezwa kwamba huenda atahitaji kupimwa utumbo mpana kwa kamera. Karatasi ya bima nayo ikaandikwa.

Shaka ilipoanzia

Aliyeshtuka hakuwa mwanapatholojia. Ni mteknolojia wa histolojia aliyekuwa akipanga slaidi kwenye trei, akaona kwamba slaidi za kingamwili sita tofauti zinafanana mno sehemu nyeusi. Aliuliza slaidi hasi iko wapi, yaani kipande kilichopitia hatua zote isipokuwa kingamwili ya kwanza. Haikuwa imetengenezwa.

Slaidi zilipitiwa upya kwa utaratibu, na mambo manne yakajitokeza.

Kwanza ni mfumo wenyewe. MSH6 na PMS2 kupotea huku MSH2 na MLH1 zikiwepo si mmoja kati ya ile minne. Ungehitaji ajali mbili tofauti katika seli moja. Inawezekana, lakini jambo hilo lingepaswa kumsimamisha aliyesoma kabla ya kutia saini.

Pili, limfositi (seli nyeupe za kinga). Pembeni mwa uvimbe kulikuwa na limfositi nyingi na seli za nyuzinyuzi, na kaakaa salama lilikuwa na seli zake za tabaka la chini. Hizi ni seli nzima za mgonjwa huyo huyo, na lazima zionyeshe protini zote nne kwenye viini. Kwenye slaidi za MSH6 na PMS2 zilikuwa buluu tupu. Limfositi isiyo na MSH6 haina maana yoyote kibiolojia kwa mgonjwa asiyejulikana kuwa na tatizo hilo mwili mzima. Ina maana kwamba kipimo hakikufanya kazi mahali hapo. Kwa kanuni, slaidi ya namna hiyo haisomwi kuwa hasi; haisomwi kabisa.

Tatu, rangi ya viini kwenye slaidi ya kawaida ya hematoksilini na eosini. Ukiangalia karibu, viini vya bloku hii vilikuwa vimefifia, vya waridi chafu, kingo zake hazisomeki, wakati viini vya biopsi vilikuwa buluu ya kukolea na chembechembe zake zinaonekana. Huo ni mwandiko wa asidi. Asidi kali hukatakata DNA na kuharibu sehemu ya protini ambayo kingamwili inaikamata. Katika bloku hii MSH6 na PMS2 ndizo zilizotoweka. MSH2 ilibaki, na MLH1 ilibaki kwa unyonge.

Nne, "chanya kali" zile. Kipande kipya kilikatwa na kupitishwa hatua zote bila kingamwili ya kwanza. Kilitoka kahawia. Melanini ni kahawia, DAB ni kahawia. Melanini kwa kawaida hukaa kwenye saitoplazimu kama chembe zisizolingana ukubwa, lakini kipande cha mikroni 4 kina unene, na chembe zilizo juu au chini ya kiini huonekana kama ziko ndani yake. Juu ya hayo, makrofaji (seli za kinga) zilizokula melanini zilijaa sehemu ile, nazo zikahesabiwa kama seli za uvimbe.

Kwa hiyo slaidi moja ilikuwa imedanganya pande zote mbili. Palipokuwa na melanini palionekana protini ambayo huenda haipo. Palipopigwa na asidi hapakuonekana protini iliyopo.

Ripoti ilisitishwa siku hiyo hiyo kwa simu, kisha kwa maandishi. Mtoto wa mgonjwa alipigiwa na daktari aliyemwita mwanzo, si na karani.

Kurudia kipimo

Bloku za biopsi ndizo zilizotumika sasa. Zilikuwa ndogo, kwa hiyo vipande 20 vilikatwa kwa mkupuo mmoja na kuwekwa kwa namba, kwa sababu kila ukirudisha bloku ndogo kwenye mashine unapoteza nyama kwa kuisawazisha upya. Vipande vilikuwa vya mikroni 3 badala ya 4, ili chembe za melanini zisirundikane juu ya viini, kwenye slaidi zenye chaji, zikakaushwa nyuzi 37 usiku kucha.

Tatizo la melanini lilijaribiwa kwa njia tatu, na inafaa kueleza zote kwa kuwa si kila maabara ina uwezo wa ile ya mwisho.

Pamanganeti ya potasiamu asilimia 0.25, kisha asidi ya oksaliki, ndiyo njia ya zamani ya kupausha melanini. Ilipausha vizuri sana. Pia ilibandua pembe ya kipande kimoja kati ya vitatu, na limfositi zikawa hafifu kwa PMS2. Pamanganeti inafaa ukitaka kuona umbo la kiini kwenye slaidi ya kawaida. Kwa kingamwili za viini ni ya mwisho kuiendea, na ikiendewa lazima limfositi zithibitishe kwamba haikuharibu.

Hidrojeni peroksaidi ya asilimia 10, nyuzi 60 hadi 65, ilikuwa ya upole zaidi. Ilianzwa kwa dakika 10, slaidi ikaangaliwa kwa hadubini ikiwa na maji, ikarudishwa. Sehemu iliyopauka ilikuwa tayari baada ya mzunguko wa kwanza; sehemu nyeusi kabisa haikuisha hata baada ya wa tatu, na mapovu yalianza kuinua kipande. Ile peroksaidi ya asilimia 3 ya kuzima vimeng'enya kwenye hatua za kawaida haipaushi chochote cha maana kwa dakika 10. Wapo wanaodhani inatosha.

Njia iliyochukuliwa ni kuacha melanini ilivyo na kubadili rangi ya jibu. Badala ya peroksidesi na DAB, ikatumika kimeng'enya cha fosfatesi ya alkali na kromojeni (rangi ya kuonyesha) nyekundu. Nyekundu ndani ya kiini, kahawia nje: jicho halihitaji kubishana. Kuna mambo matatu ya kuangalia. Maji ya kuoshea yawe ya Tris, si ya fosfeti, kwa sababu fosfeti hukizuia kimeng'enya hicho. Levamisoli iwemo kuzima fosfatesi ya mgonjwa mwenyewe. Na kabla ya kufunika slaidi soma maelezo ya kromojeni, maana baadhi ya nyekundu huyeyuka kwenye alkoholi na zinahitaji gundi ya maji. Mtu akizipitisha kwenye alkoholi kwa mazoea anabaki na slaidi tupu. AEC, kromojeni nyingine nyekundu, ina ugonjwa huo huo.

Asiye na kifaa hicho ana njia ya bei nafuu iliyo kwenye kila maabara ya malaria. Baki na DAB, lakini badala ya hematoksilini malizia kwa Giemsa. Melanini hugeuka kijani-buluu, DAB inabaki kahawia. Viini havipendezi sana, ila utajua kahawia ni ya nani. Slaidi mbili za MLH1 zilipakwa hivyo kwa kulinganisha na zilikubaliana na nyekundu.

Hatua zenyewe: kuamsha antijeni kwa Tris-EDTA ya pH 9.0, nyuzi 97, dakika 20, kisha kuachwa ipoe taratibu. Kingamwili ES05 kwa MLH1, FE11 kwa MSH2, EP49 kwa MSH6, EP51 kwa PMS2. Kila slaidi ilibandikwa kipande cha tonsili pembeni, na kila mkupuo ulikuwa na slaidi ya mgonjwa isiyo na kingamwili ya kwanza.

Jibu: protini zote nne zipo kwenye viini vya uvimbe, sehemu nyeusi na sehemu iliyopauka, na zipo kwenye limfositi. Mfumo wa kusahihisha makosa ni mzima. Kile kipande cha ukingo uliopauka ndicho kilichomaliza ubishi, maana pale hapakuwa na melanini ya kumsumbua yeyote. XPF ilionekana kwenye viini vya seli nyingi za uvimbe. ERCC1 haikurudiwa, kwa sababu inayoelezwa chini.

DNA ya kupima jeni ya KIT (ambayo ikibadilika huweza kulengwa kwa dawa) ilitolewa pia kwenye biopsi. Ile ya bloku ya asidi ilijaribiwa kwanza na haikuzalika. Vipande vyake vilikuwa vifupi mno. Ya biopsi ilisomeka: hakuna mabadiliko kwenye eksoni (sehemu za jeni) 11, 13 wala 17.

Matokeo kwa mgonjwa

Alimaliza mionzi. Kizibo cha kaakaa kilirekebishwa mara mbili kinywa kilipokauka na tundu kubadilika umbo. Mwezi wa 9 mitoki ilitokea shingoni kulia, ikaondolewa. Mwezi wa 13 mapafu yalikuwa na vinundu. Tiba ya kinga haikupatikana. Bima ilikataa na familia haikuweza. Alipewa dakabazini, dawa ya kemikali ya saratani, miligramu 1000 kwa kila mita ya mraba, kila wiki tatu. Baada ya dripu ya tatu picha zilionyesha ugonjwa umekua, ikasitishwa. Aliendelea nyumbani na mofini ya maji chini ya timu ya tiba shufaa, akafariki mwezi wa 17 tangu upasuaji.

Jibu la kwanza lililokosewa halikubadili mwisho huu. Lilichobadili ni wiki tano za familia.

Uchambuzi

Kosa kubwa la kisa hiki si la kupaka rangi. Ni swali. Pembrolizumabu iliidhinishwa Marekani kwa melanoma iliyosambaa tangu 2014, bila kuhitaji jibu la MSH wala MLH. Daktari aliyeshika ripoti ya melanoma alikuwa tayari na hoja ya kitabibu. Kilichozuia dawa ni fedha, na fedha haikuwa inasubiri kipimo. Isitoshe, kupotea kwa mfumo huu ni nadra katika melanoma. Ukipima kitu nadra kwenye nyama iliyoharibika, jibu la "imepotea" lina nafasi kubwa ya kuwa la uongo kuliko la kweli. Hesabu hiyo ingefanywa kabla ya kujaza fomu, pengine mstari wa kwanza ungeandikwa KIT. Jeni hiyo hubadilika kwa sehemu ya kueleweka ya melanoma za utando, na imatinibu ni kidonge ambacho hospitali nyingi za rufaa za kanda hii zinakijua kwa wagonjwa wa damu. Rangi ya CD117, protini ya KIT, kwenye slaidi haichukui nafasi ya kusoma jeni.

Tiba ya kinga yenyewe nayo isipambwe. Katika uchambuzi wa pamoja uliochapishwa 2017, melanoma za utando ziliitikia nivolumabu, dawa ya tiba ya kinga, peke yake kwa asilimia 23, na ikiunganishwa na nyingine, ipilimumabu, kwa asilimia 37. Ni pungufu ya melanoma za ngozi. Melanoma ya kinywa haikuzaliwa na jua, haina ule wingi wa makosa ya herufi ambao mwanga wa jua huacha. Inabeba zaidi kromosomu zilizovunjika na kunakiliwa kupita kiasi. Hilo pia linaeleza kwa nini kufikiri moja kwa moja kutoka ugonjwa wa kurithi wa xeroderma pigmentosum, ambako mkasi wa XPF na wenzake ndio wenye hitilafu na ngozi huungua na kuota saratani, hakutufikishi mbali kwenye kaakaa. Kwenye melanoma zinazosambaa, utafiti wa 2008 wa jeni ulionyesha hali ya kinyume: njia za kukarabati DNA zilikuwa zimepanda. XPF iliyojaa kwenye uvimbe wa mama huyu inalingana na picha hiyo, lakini kwa mgonjwa mmoja haimwambii daktari aandike dawa gani, na ripoti ilisema hivyo.

ERCC1 ni habari ya peke yake. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa saratani ya mapafu lilijaribu kingamwili 16 za sokoni na kukuta hakuna hata moja inayotofautisha umbo la ERCC1 linalofanya kazi na maumbo mengine matatu ya protini hiyo hiyo. Kingamwili maarufu ya 8F1 ilitoa majibu tofauti kwa toleo tofauti la kiwandani. Kuirudia ERCC1 hapa kungekuwa kupaka rangi nzuri kwenye swali lisilojibika. Fomu nyingi bado zina kisanduku chake.

Yaliyokwenda vizuri: biopsi ya sehemu mbili, iliyotiwa dawa ipasavyo, isiyo na mfupa, na iliyotunzwa. Bila hiyo kisa kingeishia "haiwezi kusomwa," ambalo nalo ni jibu halali. Mteknolojia aliyeuliza swali alisikilizwa, jambo ambalo si la kila maabara. Ripoti ya marekebisho ilitaja wazi kwamba ya kwanza ilikosea na kwa nini, badala ya kutoa "ripoti ya nyongeza" ya kuficha aibu.

Yaliyoharibika yanajieleza, isipokuwa moja. Aliyesoma mara ya kwanza alitumia asilimia: alihesabu seli hasi na kuandika "imepotea" kwa kuwa zilizidi tisini. Kwa protini hizi nne hakuna mpaka wa asilimia wa namna hiyo. Kupotea ni kukosekana kwenye viini vyote vya uvimbe huku viini vya jirani vikiwa na rangi. Sehemu moja ikiwa nayo na nyingine haina, kwanza tazama kama jirani zake nao hawana.

Kilichobadilishwa

Uvimbe wenye mfupa sasa hupasuliwa ndani ya saa ya kwanza. Kabla ya kitu chochote kugusa asidi, nyama laini ya uvimbe huchongwa kutoka kwenye mfupa kwa kisu, angalau bloku mbili, na kuandikwa herufi N pembeni: haijaguswa. Ikiwezekana moja iwe ya sehemu iliyopauka. Mfupa uliobaki huenda kwenye EDTA (dawa ya upole ya kutoa chokaa) ya asilimia 14, pH 7.2 hadi 7.4, badala ya nitriki, na kila bloku huandikwa ilipitia nini na kwa muda gani, kwa sababu bloku huishi kuliko kumbukumbu ya aliyeitengeneza.

EDTA ina gharama yake. Kipande cha taya huchukua wiki mbili hadi nne, na maji yanapaswa kubadilishwa kila siku mbili au tatu, la sivyo hushiba chokaa na kazi inasimama. Mara ya kwanza utaratibu huu ulipotumika, ulikwama mwishoni mwa juma refu la sikukuu: kopo lilikaa siku tano bila mtu kulibadilisha, daktari wa upasuaji akapiga simu mara tatu kuuliza ukingo wa mfupa. Sasa ukingo wa mfupa peke yake, bila uvimbe mkuu, huenda kwenye asidi ya fomiki ili jibu la upasuaji litoke mapema, na uvimbe unasubiri EDTA. Orodha ya zamu ya kubadilisha kopo imebandikwa kwenye mlango wa friji.